UCHAMBUZI: Mlima una matabaka yake, nayo sheria zetu hazijayasoma

MVUA ikinyesha na mlima ukashuka, lawama huwa tayari hata kabla ya miili kufukuliwa. Serikali huwalaumu wakazi kwa kukata miti na kulima miteremko. Wakazi nao huilaumu serikali kwa kutowapa pahali pengine pa kuishi. Anayesahaulika katika mashtaka hayo yote ni mwamba wenyewe, na ilhali ushahidi wake ndio mzito zaidi.

Ndivyo mambo yalivyokuwa Novemba 2019 katika Kaunti ya Pokot Magharibi, ambako zaidi ya watu 40 walipoteza maisha. Ndivyo yalivyokuwa tena usiku wa kuamkia Novemba 1, 2025, matope na mawe yalipoteremka kutoka ukingo wa Bonde la Kerio na kuangamiza zaidi ya watu 20 katika eneo la Chesongoch, Kaunti ya Elgeyo Marakwet. Chesongoch halikuwa geni kwa msiba wa aina hii. Maporomoko ya ardhi yaliua watu huko mwaka 2010 na tena 2012, na mnamo 2020 mafuriko yalisomba kituo cha biashara.

Kila mara, agizo linalofuata ni lile lile: wanaoishi miteremkoni wahame. Agizo hilo hutolewa kwa nia njema, lakini halisemi ni mteremko upi, wahame umbali gani, wala kwa nini kijiji kimoja kimesimama miaka 100 huku jirani yake akifukiwa. Maswali hayo hayawezi kujibiwa na mtu anayeutazama mlima kutoka kwenye helikopta. Majibu yamo katika mambo matatu: matabaka ya miamba yameinamia upande gani, kuna nini katikati ya tabaka na tabaka, na maji yanapitia wapi.

Matabaka yanavyoundwa

Miamba ya matabaka hutokea kwa njia kuu tatu, na Kenya imejaliwa zote.

Njia ya kwanza ni ya mashapo. Mto hubeba mchanga na tope na kuvitua ziwani au baharini. Maji yakienda kasi hutua mchanga. Yakitulia hutua tope laini. Uzito wa yaliyo juu huyakandamiza ya chini, na madini yaliyoyeyuka majini huyagandisha hadi yakawa jiwe. Mwaka 1669, mwanasayansi wa Denmark, Nicolaus Steno, alieleza kanuni ambazo wanajiolojia wanazitegemea hadi leo: kwamba tabaka la chini ni kongwe kuliko la juu yake, na kwamba mashapo hayo hapo mwanzo hulala kitandani pake yakiwa yamenyooka kama mkeka. Tukiyakuta yameinama, basi kuna nguvu iliyoyainamisha baadaye.

Mkenya hahitaji kwenda mbali kuyaona. Mawe ya mazeras, yale mabapa yanayotandazwa kwenye vijia vya bustani na kubandikwa kutani mijini, huchimbwa katika miamba ya mchanga iliyo nyuma ya Mombasa, upande wa Mazeras na Mariakani. Mchanga huo ulitua zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, kabla ya Madagaska kujitenga na bara la Afrika. Mchimbaji wa timbo hapigani na jiwe hilo. Hutafuta mstari wa tabaka, akatia tindo, akagonga mara chache, na bapa likajiachia lenyewe. Akijaribu kulivunja kwa kuyakata matabaka, atatoka jasho bure.

Njia ya pili ni ya volkano. Katika Bonde la Ufa na pembezoni mwake, lava ilitiririka ikaganda, majivu yakaanguka juu yake, kisha vikafuata vipindi virefu vya kimya. Katika vipindi hivyo mvua iligeuza uso wa lava kuwa udongo, maziwa yakajitokeza na kutua tope, na hatimaye lava nyingine ikafunika yote. Jiji la Nairobi limeketi juu ya mrundo wa namna hiyo, na visima vingi vya jiji hilo hupata maji katika mashapo yaliyobanwa katikati ya lava.

Njia ya tatu ni ya miamba geu. Hii ni miamba ya kale iliyozikwa kina cha kilomita nyingi, ikachomwa kwa joto na kukandamizwa hadi madini yake yakajipanga kwa mistari kama nyuzi za nyama. Gnaisi na shisti ni wa ukoo huu. Milima ya Cherangani na ukingo wa Marakwet imejengwa kwa miamba ya aina hiyo.

Nguvu ya jiwe ina mwelekeo

Kila apasuaye kuni analijua jambo ambalo wahandisi waliliandikia vitabu. Gogo likipigwa shoka kwa kufuata nyuzi zake hupasuka kwa pigo moja. Likipigwa kwa kuzikata, shoka hurudi. Gogo ni lile lile, shoka ni lile lile. Kilichobadilika ni mwelekeo.

Mwamba wa matabaka nao ndivyo ulivyo. Swali la "mwamba huu una nguvu kiasi gani?" halina jibu mpaka iulizwe, "kwa mwelekeo upi?" Mnamo 1960, mwanasayansi wa Australia, John Jaeger, alieleza kwa hesabu jinsi jiwe lenye bapa moja dhaifu linavyovunjika. Likigandamizwa matabaka yake yakiwa yamelala kukingama na mzigo, hustahimili. Matabaka yakisimama sambamba na mzigo, pia hustahimili. Lakini yakiinama kwa pembe ya nyuzi 30 hivi kutoka mwelekeo wa mzigo, jiwe halivunjiki bali huteleza juu ya bapa lake, na nguvu zake zinaweza kushuka hadi nusu au hata chini zaidi.

Tofauti nyingine ni ya kupinda. Chukua mbao kumi nyembamba, uzipange moja juu ya nyingine bila gundi. Kisha chukua ubao mmoja wenye unene wa zote kumi. Ule mrundo hupinda kirahisi mara 100 kuliko ubao mzima, kwa kuwa kila ubao hujitegemea na kuteleza juu ya mwenzake. Ndiyo sababu dari ya handaki linalopita katika matabaka membamba hulegea na kuning'inia, na ndiyo sababu mafundi huipigia vyuma virefu vya kuyashona matabaka pamoja. Lengo la vyuma hivyo ni kuufanya mrundo uwe ubao mmoja.

Kuna maji pia, na hapa dhana nyingi potofu zimeenea. Wengi hudhani kwamba maji huuangusha mlima kwa kuulainisha kama mafuta. Ni kweli kwamba udongo ukilowa hudhoofika. Lakini kazi kubwa ya maji yaliyojificha katikati ya matabaka ni kuinua. Jambo hili lilifafanuliwa na mhandisi wa Austria, Karl Terzaghi, katika miaka ya 1920: maji yaliyojaa nyufani hubeba sehemu ya uzito wa kilicho juu yake, na uzito uliobebwa na maji hausaidii tena kusababisha msuguano.

Tupige hesabu. Bapa la mwamba lenye unene wa mita 10 lina uzito wa karibu tani 25 kwa kila mita mraba. Maji yakijaa nyufani hadi usawa wa uso wake, yatasukuma juu kwa nguvu ya karibu tani 10 kwa mita hiyo hiyo. Asilimia 40 ya uzito uliokuwa ukilibana bapa hilo mahali pake imetoweka, na hakuna aliyeondoa hata kokoto moja. Ikiwa katikati pana utando wa udongo wa mfinyanzi, ambao ukilowa huweza kuteleza kwenye mwinamo wa nyuzi 10 hivi, basi mlima mzima unaning'inia kwa uzi.

Funzo la Vajont

Asiyeamini kwamba utando mwembamba huangusha mlima na asome yaliyotokea kaskazini mwa Italia. Katika bonde la Vajont, wahandisi walijenga bwawa la saruji lenye kimo cha zaidi ya mita 260, mojawapo ya yaliyokuwa marefu zaidi duniani. Kando yake palikuwa na Mlima Toc, uliojengwa kwa matabaka ya mawe ya chokaa yaliyoinamia bondeni. Katikati ya matabaka hayo mlikuwa na tando za udongo wa mfinyanzi, nyingi zikiwa na unene wa sentimita chache tu.

Maji yalianza kujazwa mwaka 1960. Novemba mwaka huo kipande cha kwanza kiliporomoka, na ufa wa urefu wa kilomita mbili hivi ukajichora mlimani. Mwanajiolojia Edoardo Semenza, mwana wa mhandisi aliyelisanifu bwawa hilo, alikuwa ametambua kwamba upande ule wa mlima ulikuwa poromoko la kale lililowahi kushuka na kutulia. Wahandisi waliona kwamba maji yakipandishwa mlima hutambaa kwa kasi, yakishushwa hupunguza mwendo. Wakaamini kwamba wameushika usukani.

Usiku wa Oktoba 9, 1963, mlima uliwakatalia. Mita za ujazo zaidi ya milioni 260 za mwamba ziliteremka ziwani kwa muda usiotimia dakika moja. Wimbi liliruka zaidi ya mita 100 juu ya ukingo wa bwawa na kuufuta mji wa Longarone. Karibu watu 2,000 walikufa. Bwawa lenyewe halikuanguka. Limesimama hadi leo. Saruji ilikuwa imara, na mawe ya chokaa yalikuwa imara. Kilichoshindwa ni utando wa udongo ambao mtu angeweza kuupima kwa rula ya mtoto wa shule.

Miaka minne kabla ya hapo, Desemba 2, 1959, Ufaransa ilikuwa imepata funzo lake katika miamba geu. Bwawa la Malpasset, karibu na mji wa Fréjus, lilipasuka baada ya mvua kubwa na kuua zaidi ya watu 420. Mistari ya gnaisi chini ya ubavu wake wa kushoto ilikuwa imeelekea vibaya, na shinikizo la maji lililojikusanya mle ndani likausukuma msingi. Tangu hapo, uchunguzi wa mwelekeo wa matabaka na wa maji yaliyomo umekuwa sharti la kawaida kwa mabwawa makubwa duniani.

Swali letu ni je, kwa nini bwawa lifanyiwe uchunguzi huo, na kijiji kisifanyiwe?

Ukingo wa Kerio

Anayeteremka kutoka Iten kuelekea Tambach hupita katika kitabu kilichofunguliwa. Juu kabisa pana jabali la fonolaiti, lava ngumu ambayo jina lake latokana na mlio inaotoa ikigongwa. Chini yake pana mashapo ya Tambach, yaliyotuliwa na mito na maziwa kabla ya lava hiyo kumwagika zaidi ya miaka milioni 12 iliyopita. Chini zaidi pana miamba geu ya kale. Kigumu kimepanda juu ya kilicho laini, nacho laini kimepanda juu ya kikongwe.

Katika mrundo kama huo, maji ya mvua hupenya haraka kwenye nyufa za lava, yakafika kwenye mashapo yasiyoyapitisha kirahisi, yakasambaa na kutafuta mlango wa kutokea. Chemchemi ya mteremkoni, ambayo ni baraka kwa kijiji wakati wa kiangazi, ni alama kwamba hapo tabaka moja limekutana na jingine na maji yamekwama katikati yao.

Kaskazini zaidi, upande wa Marakwet, ni ile miamba geu inayotawala. Juu yake hulala udongo, mawe yaliyooza na vifusi vya maporomoko ya zamani. Hapa ni vyema tuwe waangalifu. Maporomoko mengi ya nchi hii, kuanzia Murang'a hadi Pokot Magharibi, si ya mwamba mzima bali ni ya udongo ulioteleza juu ya mwamba. Hata hivyo, sheria haibadiliki. Udongo nao ni tabaka, la mwisho na changa kuliko yote, na mpaka wake na mwamba ndio utando wake dhaifu. Maji ya mvua hushuka hadi kwenye mpaka huo, yakazuiwa na mwamba, yakaanza kuinua.

Majivu ya volkano nayo yana tabia yake. Machi 2018, ufa mkubwa ulipofunguka karibu na Mai Mahiu na kuikata barabara ya kwenda Narok, baadhi ya vyombo vya habari vya ng'ambo vilitangaza kwamba Afrika inapasuka mbele ya macho ya watu. Ni kweli kwamba Bonde la Ufa linapanuka, lakini kwa milimita chache tu kwa mwaka. Maelezo ambayo wanajiolojia wengi waliyapa uzito yalikuwa ya kawaida zaidi: nyufa za kale zilikuwa zimezibwa na majivu laini, na mvua kubwa ikayazoa. Aliyejenga juu ya majivu hayo alikuwa amejenga juu ya tabaka asilolijua.

Sheria hupima uso tu

Hapa ndipo sera zetu zinapopungukiwa. Kanuni za matumizi ya ardhi za mwaka 1965 zilipiga marufuku kulima mteremko unaozidi asilimia 35. Kipimo hicho kilikuwa na busara katika vita dhidi ya mmomonyoko wa udongo. Lakini ni kipimo cha uso.

Chukua vilima viwili vyenye mteremko sawa. Katika kimoja, matabaka yameinamia ndani ya kilima, kama vitabu vilivyoegemezwa ukutani. Katika cha pili, yameinamia nje, sambamba na mteremko, kama vigae vya paa. Barabara ikikata mguu wa kilima cha kwanza, huenda kisitikisike. Ikikata mguu wa cha pili, imeondoa kizuizi kilichokuwa kikizishikilia tani elfu kadhaa. Kwa mujibu wa kanuni, vilima hivyo ni ndugu. Kwa mujibu wa mwamba, kimoja ni makao na kingine ni mtego.

Sehemu kubwa ya nchi ilichorewa ramani za jiolojia kwa kipimo cha 1:125,000. Katika ramani hiyo, sentimita moja ni kilomita moja na robo. Kijiji kizima hufunikwa na ncha ya kidole. Ramani hizo ni hazina, nazo zilichorwa kwa miguu na jasho, lakini hazikukusudiwa kuamua nyumba ya nani ibaki na ya nani ihamishwe. Uchunguzi wa angani uliofanywa na serikali miaka ya karibuni ulilenga hasa kutafuta madini. Taifa limetafuta utajiri ulio chini ya miguu ya wananchi kabla ya kutafuta hatari iliyo chini ya miguu hiyo hiyo.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni miti. Miti ni muhimu sana: mizizi huushika udongo wa juu na majani hupunguza kishindo cha mvua. Lakini mizizi mingi haipiti mita chache. Haiwezi kulishona bapa la mwamba lililojitenga mita 20 chini. Kupanda miti pasipo kujua kina cha utando dhaifu ni kumtibu mgonjwa pasipo kumpima.

Wapo pia watakaosema kwamba watu wahamishwe wote, mambo yaishe. Hao hawalijui Bonde la Kerio. Jamii ya Marakwet imechimba na kutunza mifereji inayotoa maji kwenye mito ya ukingoni hadi mashamba ya bondeni kwa karne kadhaa. Chini kabisa bondeni kuna historia ya wizi wa mifugo na umwagikaji wa damu. Familia haipandi mteremkoni kwa ukaidi. Inapima hatari moja dhidi ya nyingine. Serikali inayoiambia ihame sharti iweke mezani ramani, ardhi mbadala na hatimiliki.

La kufanywa linajulikana. Kwanza, kaunti za ukingoni na za milimani zichorewe ramani za kina zinazoonyesha mwinamo wa matabaka, unene wa udongo, chemchemi na vifusi vya kale, kwa kuwa mlima uliowahi kushuka umeshaonyesha njia yake. Vyuo vikuu vyetu vimewafunza wanajiolojia kwa miongo mingi. Wengine wanatafuta kazi.

Pili, barabara yoyote inayokata mteremko isianze kabla mwelekeo wa matabaka haujapimwa, na mkandarasi alazimishwe kuyaondoa maji mlimani. Mfereji wa kuyaelekeza maji kwingine na mabomba yanayotobolewa ubavuni ni vitu vya gharama ndogo vikilinganishwa na ukuta wa saruji, navyo hupambana na adui mwenyewe.

Tatu, wakazi wawe walinzi. Vigingi viwili vilivyopigwa kila upande wa ufa, na umbali wake kupimwa kila wiki, humwambia chifu kama mlima unatembea. Miti na nguzo zinazoinama, milango inayokwama ghafla, chemchemi inayokauka au kutoa tope. Hizi ni habari ambazo mwanamke anayechota maji huzipata kabla ya afisa yeyote wa Nairobi. Kinachokosekana ni ofisi ya kuzipokea na mtu wa kuchukua hatua usiku huo huo, si baada ya kamati kuundwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa mlimani hauzibwi kwa udongo na mwiko. Huzibwa kwa kuujua. Bwawa la Vajont limesimama zaidi ya miaka 60 bila maji ya kuzuia, likiwakumbusha wahandisi kwamba uimara wa kilichojengwa juu si hoja, iwapo hakuna aliyeuliza kuhusu kilicholala chini. Mvua za masika na vuli zitaendelea kuja kwa kalenda yake. Ramani ya matabaka, ikichorwa leo, itakuwapo kabla ya mojawapo ya mvua hizo kuleta msiba mwingine.